Barua ya kodi ya zamani kutoka Uingereza: jinsi ya kupinga, hatua kwa hatua

Assalam alaykum jamani. Naandika hii kwa sababu wiki hii nimeulizwa na watu watatu, mmoja yuko Wete, mwengine Mjini, na wa tatu bado yuko London, na wote suali lao ni moja: ati nimeletewa deni la kodi la miaka ile nilipokuwa nafanya kazi za mkataba, na sheria yenyewe imetungwa baadae, inakuwaje? Mimi pia yalinikuta, nilikuwa nafanya kazi za kompyuta huko, ofisi iliyokuwa inanilipa ikanambia mshahara tutakupa kidogo, kilobaki utapewa kama mkopo kutoka mfuko ulioko ng'ambo, na usijali mkopo huo hauulizwi. Kweli haukuulizwa. Ilokuja kuuliza ni HMRC, mamlaka ya kodi ya kule.

Kwanza jua umeshikwa kwa sheria ipi maana watu wanachanganya. Kuna ile ya 2008, kifungu cha 58 cha sheria ya fedha, iliwapiga waliokuwa wakipitisha kipato kwenye ubia wa Isle of Man, kisiwa jirani na Uingereza chenye kodi zake, wakitumia mkataba wa kodi wa 1955 baina ya pande hizo mbili, na ikasema kana kwamba ndo ilikuwepo siku zote. Na kuna ile ya mikopo, ya 2017, ambayo mwanzo ilirudi nyuma mpaka mikopo ya Aprili 1999 na kuihesabu yote ambayo haijalipwa kama kipato cha siku moja, tarehe 5 Aprili 2019. Baada ya kelele nyingi Sir Amyas Morse, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali kule, akapewa kazi ya kuikagua, na mwisho wa 2019 ikapunguzwa, sasa inagusa mikopo ya kuanzia 9 Disemba 2010. Kwa iyo angalia tarehe za mikopo yako kabla hujalia, huenda yako yote ni ya kabla ya hapo.

Hatua ya kwanza kabisa ni tarehe ilopigwa juu ya barua. Una siku 30 tu za kukata rufaa, na zinahesabiwa tangu barua ilipotolewa, sio siku ilipofika mkononi mwako Chake. Kama anuani yako bado ni ya binamu yako huko, mwambie kila bahasha ya kahawia aifungue siku hiyo hiyo, aipige picha akutumie kwa wasap. Mimi yangu ilikaa juu ya friji ya watu wiki tatu. Ukichelewa bado unaweza kuomba upokelewe lakini utatakiwa uwe na sababu ya maana na uombe mara tu unapojua, "nilikuwa Pemba" peke yake haitoshi.

Rufaa yenyewe ni barua ya kawaida tu kwenda HMRC: jina, namba yako ya kodi, uamuzi unaoupinga na wa mwaka gani, na kwa nini. Na humo humo, hapa wengi wanasahau, andika kwamba unaomba malipo yasimamishwe mpaka rufaa iamuliwe, na taja kiasi. Usipoomba, rufaa inaendelea na deni nalo linadaiwa. Riba lakini haisimami, hiyo uijue.

Wao watakujibu na kukupa nafasi afisa mwengine apitie upya, una siku 30 kukubali, na yeye kwa kawaida ana siku 45. Akikukatalia, una siku 30 nyengine kupeleka Baraza la Kodi la daraja la kwanza, na hizi ukizilaza basi mambo yanahesabiwa yamekwisha kama vile umekubali. Kufungua kesi hapo hakuna ada na mara nyingi kila mtu anabeba gharama zake, nafuu sana. Ila baraza linaangalia kama sheria imetumika sawa kwako: je ulikuwa mkopo kweli, mwaka sahihi, hesabu sahihi. Haliwezi kukwambia sheria ya bunge ni dhulma ikafutwa.

Sasa hilo la kuipinga sheria yenyewe ndo kila mtu kwenye baraza la kahawa analotaka. Hata katiba yetu ya Muungano, ibara ya 13, inakataza sheria kurudi nyuma, wanasema. Ndugu zangu, ile inazungumzia makosa ya jinai, kodi ni habari nyengine, na Ulaya ni hivyo hivyo. Njia ipo, ni mapitio ya mahakama katika Mahakama Kuu ya kule: unaandika barua ya onyo kwanza, kwa kawaida unawapa siku 14 wajibu, halafu fomu N461 ya kufungulia kesi hiyo, na yote haraka, isizidi miezi 3 tangu uamuzi unaoupinga. Jaji anaangalia kwanza kama kesi ina mwelekeo ndo anatoa idhini. Na hata ukishinda, mahakama haifuti sheria ya bunge, inaweza tu kutamka kuwa haiendani na haki za binadamu. Ukishindwa unaweza kubebeshwa gharama za serikali.

Na wenzetu wamejaribu. Huitson, aliyekuwa kontrakta wa kompyuta kama mimi, alipinga ile ya 2008 kwa hoja ya haki ya mali, akashindwa Mahakama Kuu 2010 na tena Rufani 2011. Ya mikopo ilipingwa pia, Mahakama Kuu ikaitupa 2020. Majaji wanasema mtu alojiunga na mpango wa kukwepa alijua serikali itakuja kuuziba. Strasbourg, yaani Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ipo, una miezi 4 baada ya uamuzi wa mwisho wa ndani, lakini hata huko walishawahi kukubali sheria ya kodi irudi nyuma, kesi ya 1997 ya vyama vya akiba na mikopo ya nyumba vya Uingereza.

Ukitazama, waliopata nafuu wameipata bungeni. Ile 1999 kugeuka 2010 haikutoka kwa jaji. India nao waliitunga yao ya kurudi nyuma 2012 baada ya kampuni ya simu ya Vodafone kushinda kesi ya kodi mahakamani, wakaiondoa wenyewe 2021. Na Uingereza 2025 Ray McCann, mtaalamu wa kodi, alipewa kuipitia tena hii ya mikopo, kwa iyo kabla hujasaini na HMRC makubaliano yoyote ya kulimaliza deni soma masharti ya sasa hivi, sio alosaini shemeji yako mwaka juzi.

Nyaraka: mikataba ya mikopo, slipu za mshahara, taarifa za benki, imeili za ile ofisi. Nyingi ya kampuni hizo zimeshafungwa, kwa iyo benki ndo uanzie, omba leo kwa sababu benki hazitunzi milele. Na barua ya rufaa itume kwa posta ya kusajiliwa, risiti usiitupe, mimi yangu ndo iliyoniokoa waliponambia hawajapokea kitu.