Mtu akivuruga seva yenu ya Minecraft: hatua tunazofuata Lubumbashi

Seva yetu ya Minecraft, mchezo wa kujenga kwa matofali ambao wengi huucheza pamoja mtandaoni, iko kwenye chumba kimoja Kampemba, kwenye kompyuta kuukuu iliyofungiwa betri kwa ajili ya saa za giza. Wanaoingia ni vijana wa mitaa ya Lubumbashi, yaani Katuba, Kenya na Kamalondo, na wachache wa mji wa Likasi. Zamani nilihukumu peke yangu, kwa hasira. Siku hizi tunafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Andikeni makosa kabla hayajatokea. "Muwe na heshima" si sheria, kila mtu ataivuta upande wake. Tajeni vitendo: kubomoa jengo la mwenzako, kumwandama msichana aliyekwisha kukataa, kutusi kabila. Hapa msitegemee kichujio cha maneno kilichokuja na programu. Kwetu mtu akiandika "bilulu", kichujio kinaona wadudu, na kweli ni wadudu. Lakini 1992 na 1993 Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walifukuzwa huku Katanga wakiitwa hivyo, na wajukuu wao wanacheza nasi. Orodha ya maneno hayo itungeni wenyewe, na wazee wasaidie.

Hatua ya 2: Shika ushahidi, mtu baadaye. Sisi tumeweka CoreProtect, programu ya nyongeza inayorekodi kila kinachojengwa na kubomolewa. Andika `/co inspect`, gonga tofali, utaona nani kaliweka na nani kalivunja. Nakili pia faili `latest.log`, maana maneno ya gumzo yamo humo. Kisha rudisha kilichobomolewa: `/co rollback u:jina t:2h r:20`, yaani kazi ya huyo mtu ya saa mbili zilizopita, ndani ya matofali 20 kutoka uliposimama.

Hatua ya 3: Msikilize aliyeumizwa, pembeni. Usimlazimishe kusimulia mbele ya wote. Muulize anataka nini. Wengi hutaka tu yule mtu asiwakaribie tena.

Hatua ya 4: Watu watatu wakae na kuamua ndani ya saa 48. Rafiki wa upande wowote hakai. Muda huo hatukuuokota hewani. Mwaka 1993, kwenye LambdaMOO, dunia ya maandishi matupu iliyoanzishwa na Pavel Curtis wa Marekani, mchezaji aliyejiita Mr. Bungle aliwadhalilisha wenzake kingono kwa maneno, huku akiandika kana kwamba wao ndio wanaotenda. Wakazi walikutana, wakabishana kwa muda mrefu, wakatawanyika bila uamuzi. Basi msimamizi mmoja akamfuta peke yake. Bungle akarudi kwa jina jingine, na Curtis akaweka utaratibu wa maombi na kura. Ninachokiona mimi ni kikao kisicho na saa ya mwisho: kikishindwa, mwenye funguo ndiye anayeamua.

Hatua ya 5: Zuia akaunti, usizuie anwani ya mtandao (IP). Niliwahi kutumia `/ban-ip` kwa mtu mmoja, na jioni hiyo wachezaji kadhaa wasio na kosa wakabaki nje. Mitandao mingi ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, kwa hiyo ukimpiga mmoja umepiga mtaa. Halafu kuna akaunti za familia. "Yaya, haiko miye, ni mudogo yangu," yaani mkubwa, si mimi, ni mdogo wangu, aliniambia mmoja, nami nikacheka. Lakini rekodi ilionyesha saa ambayo yeye alikuwa darasani. Huyo mdogo, wa miaka kumi, tulimpa kazi ya kuujenga ukuta upya kwa mawe aliyoyachimba mwenyewe, na mwenye nyumba amesimama anamwangalia.

Kwa wakubwa: kufungiwa siku tatu, akirudia mwezi, kisha kufungiwa kabisa. Aliyeandama wasichana au kuwatumia watoto picha chafu haanzi na siku tatu.

Hatua ya 6: Andika tarehe. Amri ya `/ban` ya Minecraft haihesabu siku. Ndani ya sababu andika siku ya kufunguliwa, na kila Jumamosi fungua `/banlist`, orodha ya waliofungiwa, usome jina kwa jina. Aliyemaliza muda wake, mfungulie kwa `/pardon`. Ukisahau, mtu wa siku tatu atakaa nje mwaka mzima, na hatakuuliza. Atahamia seva nyingine.