Namna ya kupanga matoleo ya matengenezo ya lugha ya programu bila kugombana

Tuko watatu hapa Chake, Pemba, na wengine wawili watatu wametawanyika Unguja na nje, tunashughulikia lugha ndogo ya programu, ya chanzo wazi, kila mtu anaichukua bure. Kilichotuumiza mwanzo sio kuandika, ni kutoa matoleo. Kila mmoja ana kiraka chake, yaani rekebisho alolitia kwenye lugha, anakiona muhimu kuliko cha mwenzake, "ngoja kidogo namalizia", siku mbili zinakuwa wiki tatu, na wanotumia lugha wanahangaika na kasoro ambayo sie tushaitengeneza zamani, imelala tu kwenye kompyuta zetu. Sasa tunapanga vyengine, na naandika hapa kwa aloachiwa kazi hii na hajui aanzie wapi.

Kwanza tuelewane toleo la matengenezo ni lipi. Angalia Python, lugha kubwa ya programu, 3.12.0 ilitoka Oktoba 2023, hiyo ndo ilokuja na mambo mapya. Halafu ikaja 3.12.1 Disemba, 3.12.2 Februari 2024, 3.12.3 Aprili, 3.12.4 Juni, yaani kila miezi miwili hivi, na ndani yake ni kurekebisha kasoro tu. Hamna neno jipya la lugha wala fanksheni mpya. Hapa msilegeze kamba hata kidogo, hata kama kitu chenyewe kidogo na kizuri na alokileta ni mtu mnampenda, kisubiri toleo kubwa. Kuna mtu ana duka Darajani, hesabu zake zote ziko kwenye programu ilioandikwa kwa lugha yenu na yeye hajui hata kama lugha hiyo ipo, anachojua ni kuwa jana mashine ilifanya kazi na leo asubuhi kaiwasha haifanyi, na wateja wamesimama.

Sasa ratiba. Weka tarehe kwanza, viraka vije baadaye. Watu wengi wanafanya kinyume, wanakusanya viraka wakiona vimetosha ndo wanatafuta siku, na hapo ndo ugomvi unapoanza kwa sababu "vimetosha" ya kila mtu ni yake. Fikiria boti ya Mkoani kwenda Unguja. Saa ikifika inang'oa, uliekuwa hujafika bandarini utapanda ijayo, na hakuna anaegombana na nahodha kwa sababu kila mtu anajua ijayo ipo na anajua siku yake. Kiraka nacho hivohivo. Mtu akijua baada ya wiki nane kuna toleo jengine kwa hakika, hakusumbui usiku umsubiri. Akiwa hajui, ana haki ya kukusumbua.

Wiki nane kwetu zinatosha. Rust, lugha nyengine, wao wanatoa toleo jipya kila wiki sita tokea 1.0 ya Mei 2015, lakini wale wana watu na mashine za kutosha, nyinyi wanne mkijaribu kasi hiyo mtachoka kabla ya mwaka kwisha. Bora miezi mitatu mnayoiweza kuliko mwezi mmoja mnaoahidi na kuukosa.

Halafu chukua kalenda mbili, ya Miladi na ya Kiislamu, uziweke pamoja mezani. Nimeona kalenda za miradi mikubwa, ile 3.12.3 ilitoka tarehe 9 Aprili 2024, huku kwetu tuko ukingoni mwa Ramadhani, watu wanawaza mwezi na nguo za watoto. Wao ndo ratiba yao na ni haki yao, lakini wewe ukiwa Pemba na wenzio wanafunga, usiweke kumi la mwisho kuwa wiki ya kutoa toleo. Na usinakili ratiba ya mwaka jana ukabadilisha mwaka tu, maana Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ilokuwa salama mwaka huu mwakani inaangukia Idi. Idi yenyewe inategemea mwezi kuandama kwa hiyo acha siku mbili mbele na mbili nyuma. Ongeza tarehe 12 Januari, Mapinduzi. Ongeza mitihani kama wenzio ni wanafunzi. Msimu wa karafuu nao, sie mmoja wetu karafuu zikiiva yuko shamba mpaka magharibi na anapenda hivo, basi wiki hizo hatumpangii kukagua viraka, tunampangia baadae.

Siku ya wiki: Jumanne. Jumatatu unahakikisha majaribio yote yamepita, Jumanne unatoa, halafu una Jumatano na Alhamisi za kupokea vilio vya watu ukiwa macho. Lugha ya Java, marekebisho yao ya usalama yanatoka Jumanne ya tatu ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba, unaweza kuiandika hata ya miaka mitatu mbele. Ijumaa hapana. Asubuhi inakatika kwa sala, jioni watu washatawanyika, toleo likiwa na tatizo utalijua Jumatatu wakati watu washalieneza kila pahala.

Saa, jamani, saa. Hili lilitukuta wenyewe. Niliandika tawi, yaani ile nakala ya lugha tunayoitayarishia toleo, linafungwa "saa nne", mie nakusudia saa nne yetu ya asubuhi, mwenzetu alokuwa Uingereza akasoma nne yao, ya jioni, akaendelea kutia viraka mchana kutwa na mie nishatia tagi zamani, ile alama ya kusema toleo ndo hili. Toleo likatoka halina kiraka ambacho yeye keshawaambia watu kimo, na watu walimlaumu yeye. Tokea siku hiyo tunaandika UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwa namba nne na ya kwetu ubavuni: 12:00 UTC, saa tisa alasiri Zanzibar. Kila tangazo, hata la watu watano.

Mtu mmoja tu awe na amri ya toleo. Python nao kila mfululizo wa matoleo una msimamizi wake anaejulikana kwa jina. Nahodha wengi jahazi huenda mrama, na hapa mrama maana yake ni watu wawili wanatia tagi moja kwenye vitu viwili tofauti.

Wiki yenyewe inakwenda hivi. Siku kumi kabla unakumbusha watu. Siku saba kabla unafunga tawi, yaani kuanzia hapo haingii kitu isipokuwa kasoro inayozuia toleo, na anaeamua inazuia au haizuii ni yule msimamizi peke yake. Siku hiyohiyo unatoa toleo la majaribio na unawaomba wenye maktaba (vifurushi vya kodi wanavyotumia wengine) na programu zinazotumika sana wazijaribu nalo, majaribio yenu wenyewe hayatoshi, yanajaribu vile mlivofikiria nyinyi na kasoro zinakaa pale ambapo hamkufikiria. Jumanne ikifika unajenga mafaili ya Linux, Windows na macOS, unayasaini kidijitali ijulikane yametoka kwenu, unaweka namba za SHA-256 ili mtu ahakikishe faili halijabadilika, halafu, na hapa wengi wanaruka, unalishusha faili lilelile kutoka pale watu watakapolishusha, unalitia kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwa na lugha yenu, unaendesha programu mbili tatu. Ikikubali ndo unatangaza.

Na ukikosea? Toa namba nyengine. Usibadilishe faili chini ya namba ileile, kamwe, kuna watu washalichukua la mwanzo na sasa wana vitu viwili vyenye jina moja, hakuna atakaeweza kuwasaidia. Python 3.9.3 ilitoka tarehe 2 Aprili 2021, Ijumaa, ikagundulika bila kukusudia imevunja makubaliano na moduli, yaani vipande vya ziada vya programu, zilizojengwa kwa matoleo yaliyotangulia kwenye mashine za biti 32. Tarehe 4, Jumapili ya Pasaka, ikatoka 3.9.4. Siku mbili tu, wakaeleza kilichotokea, wakaendelea. Mie nawaheshimu sana kwa lile.

Kasoro za usalama ndo kitu pekee kinachoruhusiwa kuvunja ratiba. Tengeneza kimyakimya na watu wachache, lile toleo liwe na kiraka hicho kimoja tu, usichanganye na vyengine hata vikiwa tayari, maana mtu inabidi aweze kulichukua usiku uleule bila kuogopa. Waarifu mapema kidogo wale wanaolisambaza kwa wengine, halafu maelezo na toleo vitoke wakati mmoja.

Matawi mangapi ya kutunza? Lugha ya Go wanatoa Februari na Agosti na wanatunza mawili ya karibuni basi. Python kila toleo linaishi miaka mitano, miaka ya mwisho ni usalama tu. Mkiwa wachache fuateni Go. Lakini tarehe ya mwisho ya tawi itangazeni siku lile tawi linapozaliwa. Python 2.7 ilitoka 2010, mwisho wake ulipangwa 2015 ukasogezwa mpaka 2020, na bado wengine walishtuka, wakati 2.7.18 inatoka Aprili 2020 ndo wanauliza kulikoni.

Jambo moja la sie wa visiwani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilikatika, Tanzania nzima ikasuasua. Na walokuwepo wanakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja miezi mitatu haina umeme. Kwa hiyo ruhusa ya kutoa toleo isiwe ya mtu mmoja alie kisiwani tu, awepo wa pili nje ya maji, ana ufunguo wake wa kusaini, na hatua zote zimeandikwa kiasi cha mtu ambae hajawahi kuzifanya aweze kuzifuata. Sie tunabadilishana, kila toleo la tatu anatoa yule wa mbali hata kama huku umeme upo na intaneti inakimbia, na kila akikwama pahala tunaongeza mstari kwenye yale maelezo.

Ukishatangaza usifunge kompyuta bado. Fungua tawi tena, pandisha namba iende inayofuata, andika tarehe ya toleo lijalo juu kabisa pale ambapo kila mtu anaiona, na UTC yake, halafu anza kusoma vile viraka vilivyochelewa boti, wenyewe wanasubiri jibu lako.