Nzige wa Njano Wakitua, Andika Tarehe

Kosa linalowagharimu wakulima zaidi wakati wa uvamizi wa nzige wa jangwani hutokea siku ambayo shamba limetulia. Kundi la nzige wenye rangi ya waridi likifika, kila mtu hutoka na debe, moshi na kelele. Lakini likija kundi la njano, likatua kwenye ardhi tupu na kukaa hapo bila kuvamia mimea kwa pupa, watu husema afadhali, kisha hurudi nyumbani. Rangi hiyo wameisoma kinyume.

Nzige wa waridi ana mabawa lakini hajakomaa. Hula kila siku chakula kinachokaribia uzito wake, yaani gramu 2 hivi, na kwa hiyo anatisha, ila hawezi kutaga. Anapopevuka, waridi hufifia na njano huchukua nafasi yake, kwanza kwa madume, ambao hung'aa kuliko majike. Mabadiliko hayo kwa kawaida huchukua miezi 2 hadi 4 tangu apate mabawa, ingawa mvua na joto vikikutana anaweza kukomaa kwa wiki 3 tu. Hamu yake ya kula hupungua, na utulivu huo ndio unaowadanganya watu, kwa sababu sasa anatafuta mchanga wenye unyevu wa kutagia. Ukiona majike wamezamisha mikia ardhini huku madume wamewapanda mgongoni, mayai yanaingia shambani mwako wakati huohuo.

Andika tarehe hiyo, na uweke vijiti kuzunguka eneo lote walilotua. Nasisitiza vijiti kwa sababu baada ya siku chache upepo hufuta alama zote, na mkulima anayejiamini kwamba atapakumbuka huishia kuchimba mahali pasipo na kitu. Wengine huchimba sentimita 5, wakakuta povu lililokauka, wakatangaza kwamba mayai hayapo. Povu hilo ndilo kizibo! Mayai yenyewe yako chini yake, kwenye kina cha sentimita 10 hadi 15, kwa hiyo chimba hadi sentimita 15 na upime kwa rula badala ya kukisia kwa vidole. Kwangua kwanza udongo wa juu taratibu ili vizibo vya povu vionekane, ndipo ufuate kila kimoja kwenda chini. Kila kifuko cha nzige wa makundi huwa na mayai yasiyofikia 80 kwa kawaida, na vifuko hukaa karibukaribu. Eneo likiwa dogo, yafukue yote yakaukie juani. Likiwa kubwa, toa taarifa kwa afisa wa kilimo siku hiyohiyo, ukitaja tarehe na mipaka ya vijiti.

Muda ndio unaoamua. Katika udongo wenye joto mayai huanguliwa baada ya wiki 2 hivi, na katika baridi huchelewa zaidi, lakini usipange kazi yako kwa kutegemea baridi. Kuanzia siku ya 10 kagua eneo kila asubuhi. Jike mmoja anaweza kutaga mara 2 au 3, kwa nafasi ya siku 6 hadi 11, hivyo kundi lililoondoka kwako leo linaweza kutaga tena kwa jirani wiki ijayo, naye anahitaji kuambiwa. Tunutu, yaani nzige wachanga wanaotoka kwenye mayai, ni weusi, kisha huwa na njano na weusi kadiri wanavyojivua ngozi, na hapa wengi huchanganya mambo: njano ya tunutu asiye na mabawa haimaanishi kwamba amekomaa. Huyo hatagi bado, lakini una takriban wiki 5 au 6 tu kabla hajapata mabawa, na wakati wa kumdhibiti ni wiki zake za kwanza, anapotembea kwa makundi mazito na hawezi kuruka. Dawa inyunyiziwe na waliofunzwa, na nzige waliokufa kwa dawa wasiliwe na watu wala kuku.

Kanuni hii ya rangi ni ya nzige wa makundi. Wanaoishi mmojammoja huwa wa kijivu au kahawia, na majike wao hawawi na njano hiyo ya wazi. Eneo likikaguliwa mfululizo bila tunutu kuonekana, kazi imefaulu. Hata hivyo usiving'oe vijiti kabla ya miezi 2 kwisha, kwa kuwa mayai yaliyopatwa na baridi huweza kuchelewa kiasi hicho.