Somo: Kuwaokoa wanakondoo waliotangulia masika

Huku Nyandarua, dume akiachwa kundini mwaka mzima, majike aliowapanda Agosti huzaa Januari, maana mimba ya kondoo ni kama siku 147. Wakati huo malisho yamekauka na alfajiri sakitu imetanda. Wanakondoo wengi wanaokufa huuawa na baridi na njaa kwa pamoja, na wengi wangeokolewa.

1. Mwache mama amlambe mwanakondoo. Asipomlamba, msugue kwa gunia kavu, mkingeni upepo. Kitovu kichovye chote kwenye iodini.

2. Kamua matone ya kwanza ya kila chuchu, kwani tundu huzibwa na kitu kama nta. Anyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa mbili. Hazaliwi na kinga. Kinga imo humo, na baada ya siku moja utumbo hauipokei tena. Asiyeweza kunyonya mpe kwa chupa mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake, mara nne siku hiyo ya kwanza.

3. Tia kidole mdomoni mwake. Pakiwa na joto, mrudishe kwa mama. Pakiwa baridi na kichwa hakiinuki, tafadhali usimmiminie maziwa, yataingia mapafuni. Mpashe joto kwanza: katoni, nyasi kavu, chupa za maji moto zilizofungwa kitambaa. Aliyepitisha muda wa saa tano bila kunyonya achomwe glukosi na daktari wa mifugo kabla ya kupashwa, la sivyo anaweza kupata degedege.

4. Mama apate oti, majani ya viazi vitamu, chumvi na maji tele. Asiposhiba, maziwa hayatoki.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kondoo wangu amefia uzazini. Mtoto nimpe nini?*
Pole sana, dada. Tafuta dang'a ya mbuzi au ya ng'ombe aliyezaa leo. Ipashe ndani ya maji vuguvugu. Ukiichemsha itaganda na kinga itaharibika.

*Naweza kuweka jiko la mkaa bandani usiku?*
Hapana, ndugu yangu. Hewa ya mkaa itawaua wote, mama na watoto.

*Nifanyeje wasizae tena Januari?*
Mtenge dume, umrudishe Novemba; watazaa Aprili, majani yamechipuka. Kama huna zizi la pili, fanya wafanyavyo Wamaasai: mfunge aproni ya ngozi chini ya tumbo. Hata turubai inafaa, ila ikague kila siku asije akachubuka.