Kuendesha Baiskeli Juu ya Tuta la Reli ya Vennbahn, Kutoka Troisvierges Hadi Aachen

Treni iliyosheheni makaa ya mawe haiwezi kupanda mlima mkali, na ndiyo maana tuta la reli iliyokufa huwa njia nzuri ya baiskeli kuliko nyingi zilizojengwa kwa ajili ya baiskeli tangu mwanzo. Vennbahn, njia ya kilomita 125 inayopita Luxembourg, Ubelgiji na Ujerumani, ni mfano ulio wazi. Mwinuko wake, isipokuwa mahali pachache, hauzidi takriban asilimia mbili, sehemu yake kubwa imetiwa lami, na magari hayaruhusiwi. Mtu ambaye hajapanda baiskeli tangu siku za shule ataimaliza kwa siku tatu bila kuumia. Waliozoea huhitaji siku mbili.

Vitabu vingi vya safari humwanzisha msafiri Aachen, upande wa Ujerumani. Mimi nashauri kinyume chake, na sababu ni mbili. Kwanza, Aachen iko chini, na kutoka huko utapanda kwa karibu kilomita hamsini mfululizo hadi jirani na Sourbrodt, nchini Ubelgiji, ambako njia hupita mita 550 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo ni mdogo kiasi kwamba macho hayauoni, lakini magoti yanauhesabu. Ukianzia Troisvierges, upande wa Luxembourg, unakuwa umeshainuka tayari, na siku ya mwisho, mwili ukiwa umechoka, sehemu kubwa unateremka. Pili, upepo wa maeneo hayo mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi, kwa hiyo anayeelekea Aachen husukumwa mgongoni.

Kufika Troisvierges ni rahisi. Tangu Machi 2020 usafiri wa umma nchini Luxembourg ni bure katika daraja la pili, na baiskeli nayo hailipiwi, hivyo unapanda treni katika jiji la Luxembourg na kushuka Troisvierges bila kutoa hata senti. Wahi asubuhi, hasa Jumamosi, kwa maana nafasi za baiskeli katika behewa hujaa.

Kuhusu hati, mataifa yote matatu yamo katika eneo la Schengen, na viza ya kuingia mara moja inatosha, kwa sababu kuvuka mipaka ya ndani hakuhesabiwi kuwa ni kutoka. Hata hivyo, pasipoti au kibali chako cha kuishi kiwe mfukoni, si kwenye begi uliloacha hotelini: Ujerumani ilirudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu mnamo Septemba 2024, na ingawa vizuizi huwekwa zaidi kwenye barabara kuu, polisi ana haki ya kukuuliza. Fedha ni yuro kote, na namba ya dharura ni 112 kote.

Baiskeli yoyote nzima inafaa, hata ile ya mjini yenye keria na kikapu, mradi breki zishike na taa ziwake. Beba tyubu moja ya akiba, viraka na gundi yake, pampu na spana ndogo. Kwetu ukipata pancha hukosi fundi chini ya mwembe, lakini huku kati ya kijiji na kijiji fundi hayupo, na siku ya Jumapili maduka ya upande wa Ujerumani hufungwa karibu yote. Beba pia koti la mvua hata kama jua limewaka asubuhi. Nyanda za juu za Venn ni vinamasi vinavyovuta mawingu, na ukungu unaweza kushuka mchana kweupe. Majira ya kwenda ni kuanzia Aprili mwishoni hadi Oktoba mwanzoni, kwani wakati wa baridi theluji hulala juu ya tuta.

Siku ya kwanza, hadi St. Vith, ni kilomita thelathini na kitu, na ugumu wake uko mwanzoni. Karibu na mpaka wa Luxembourg na Ubelgiji reli ilipita katika handaki la karibu mita 800, ambalo sasa limefungwa ili popo wanaojificha humo wasisumbuliwe, kwa hiyo njia ya baiskeli inapanda juu ya kilima chenyewe. Hapo ndipo utakapoitambua kazi ambayo handaki lilikuwa likimfanyia dereva wa treni. Shuka usukume usipoweza, hakuna aibu, kisha ujirudishe kwenye tuta na kufuata mabonde kupitia Burg-Reuland, penye magofu ya ngome. St. Vith yenyewe haina majengo mengi ya kale, kwa sababu iliteketezwa kwa mabomu mnamo Desemba 1944.

Siku ya pili, hadi Monschau, ni takriban kilomita 50. Jaza maji St. Vith na tena Waimes. Ukifika Waimes utasikia Kifaransa, baada ya Kijerumani cha St. Vith, ingawa hujatoka Ubelgiji. Kutoka hapo njia inapanda polepole kuelekea Sourbrodt, na kosa la wengi ni kukazana kwa gia nzito kwa kuwa njia inaonekana tambarare. Weka gia nyepesi mapema, uzungushe pedali kwa mwendo mmoja, na usipoteze nguvu kushindana na wenye baiskeli za umeme watakaokupita wakitabasamu.

Kuhusu Monschau nina onyo. Stesheni za zamani zilijengwa mahali treni ilipoweza kufika, wala si mahali watu walipoishi, na mji huu, wenye nyumba za mbao na paa za mawe meusi, uko chini kabisa katika bonde la mto Rur. Mara ya kwanza niliteremka kwa furaha kwenda kunywa kahawa mchana, breki zikilia, kisha nikatumia karibu saa nzima kuisukuma baiskeli kurudi juu kwenye tuta. Iache Monschau iwe mahali pa kulala, ili kupanda huko ukufanye asubuhi, ukiwa umekula na umepumzika.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niipende njia hii. Reli ilijengwa na Waprusi katika miaka ya 1880 ili kupeleka makaa ya mawe ya Aachen kwenye viwanda vya chuma vya Luxembourg na kurudi na madini ya chuma. Mkataba wa Versailles wa 1919, uleule uliowanyang'anya Wajerumani Tanganyika na Ruanda-Urundi, ulifungua pia mlango wa reli hii kupewa Ubelgiji, hata pale inapopita katikati ya vijiji vya Kijerumani. Treni zimeondoka na reli zimeng'olewa, lakini tuta limebaki la Ubelgiji. Kwa hiyo kati ya Monschau na Roetgen unaendesha juu ya utepe wa Ubelgiji wenye upana wa mita chache: ng'ombe wa kushoto ni wa Ujerumani, bustani ya kulia ni ya Ujerumani, na ukinyoosha mkono juu ya uzio umeshavuka mpaka. Vipande vitano vya Ujerumani vimezingirwa hivyo na ardhi ya Ubelgiji, kimojawapo, Rückschlag, kikiwa ni nyumba moja na kiwanja chake. Baada ya Vita vya Pili, kahawa ilipokuwa ghali mno Ujerumani kwa sababu ya kodi, wenyeji wa mpaka huu waliivusha usiku kwa magendo.

Uzuri huo usikusahaulishe makutano. Mahali tuta linapokata barabara ya magari, mwenye baiskeli ndiye anayesimama, na katika mteremko huu wa mwisho makutano hujitokeza ghafla baada ya mwendo mrefu usio na bughudha. Punguza mwendo mapema, hasa lami ikiwa na majani yaliyolowa. Raeren ni mahali pazuri pa kupumzika, kisha unapita Kornelimünster na kuingia Aachen hadi stesheni ya Rothe Erde.

Anayetaka kwenda Köln apande treni ya mkoa hapohapo Rothe Erde. Baiskeli hukatiwa tiketi yake mbali na ya abiria, na ikatwe kabla ya kupanda, kwa kuwa ule ubure wa Luxembourg uliuacha mpakani.