SOMO: Tashbiha, sitiari, tashihisi na kinaya, jinsi ya kuzitofautisha bila kukariri

Wengi wanakariri fasili za tamathali za semi (mbinu za kupamba maneno) kama zilivyo daftarini, alafu wakipewa shairi wasilowahi kuliona wanabaki kutoa macho. Tuchukue mstari mmoja tuuchezee.

Hatua ya 1. "Ulimi ni kama kisu, hukata pasipo damu." Kuna ulimi, kuna kisu, katikati kuna "kama". Ukiona neno la kulinganishia (kama, mithili ya, mfano wa, utadhani) hiyo ni tashbiha.

Hatua ya 2. Toa "kama": "Ulimi wake ni kisu." Hapa hatufananishi tena, tumeufanya ulimi uwe kisu chenyewe, ndo sitiari hiyo. Na hebu hesabu mizani (silabi za mstari), u-li-mi-ni-ka-ma-ki-su ni 8, u-li-mi-wa-ke-ni-ki-su nayo ni 8, kwahiyo mtunzi hawezi kusingizia mizani, kachagua mwenyewe, na mimi naona sitiari inapiga zaidi maana haikuachii upenyo wa kusema "ah ni mfano tu".

Hatua ya 3. "Njaa imebisha hodi." Kisicho mtu kikifanya ya watu ni tashihisi, vitabu vingine vinaita uhuishaji. Rahisi.

Hatua ya 4. Kinaya, hapa ndo watu wanapotea, kwa sababu mstari mmoja hautoshi, lazima ukijue kisa. Mhusika anahubiri watu waweke akiba tangu ukurasa wa kwanza, kumbe mwenyewe anadaiwa kila kona: tulitegemea hivi imekuwa vile. Usiichanganye na kejeli, kejeli ni ya mdomoni zaidi, mtu kafika kikao kimeisha unamwambia "hongera, umewahi kweli".

MASWALI

Mkuu, kila nikikuta "kama" niandike tashbiha?
– Hapana. "Kama ukija nitafurahi" ni sharti tu. Hata "Amina ni mrefu kama dada yake" sio, hapo unapima watu wawili kwa kimo. Tashbiha inataka vitu vya jinsi tofauti, ulimi na kisu.

Taashira nayo si ndo sitiari hiyohiyo?
– Zinakaribiana ila sio. Ukisema "nakula jasho langu", jasho limesimama badala ya kazi kwa sababu linatokana na kazi. Ulimi na kisu havina undugu wowote, vimekutanishwa na kule kukata tu.

Mstari mmoja unaweza kubeba mbili?
– Sana tu. "Njaa, mgeni asiyeaga, imebisha hodi tena": kuitwa mgeni ni sitiari, kubisha hodi ni tashihisi.

Mwalimu samahani, kwenye mtihani nikiandika "ametumia sitiari" si nimemaliza?
– Bado dada. Nukuu mstari wenyewe, alafu sema mstari huo umefanya kazi gani, mfano kisu kinaonyesha maneno yanaumiza bila kuacha jeraha la kuonekana. Maksi nyingi zinapotelea hapo.