Kabla ya kupanda basi la Mbeya ukiwa na ugonjwa wa wasiwasi

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Basi likiondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, utashuka jioni, au usiku kabisa. Wengine wanateremka na mgongo unaouma na miguu iliyovimba, basi. Sisi wenye ugonjwa wa wasiwasi, hasa wenye hofu ile inayokuja ghafla, tunateremka tumechoka kwa vita ambayo jirani wa siti hakuiona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, yaani karibu mmoja katika kila 25. Kwa hesabu hiyo, kwenye basi la abiria 50 huenda mko wawili, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Maandalizi ya safari ya namna hii hayaanzi usiku wa kupanga begi. Jipe mwezi mzima ukiweza, na uanzie hospitali. Moyo kwenda mbio, kutetemeka na kizunguzungu vinaweza kuletwa na upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi au sukari iliyoshuka. Hata dawa ya pumu ya kuvuta inaweza kukutetemesha mikono. Mwache daktari aondoe hayo mezani kwanza. Akisharidhika, ridhika nawe. Kupima presha mara tano kwa siku hakukulindi na kitu, ni wasiwasi ule ule unatafuta pa kushika.

Linalofuata ni kuujua mwili wako, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kutokujua hili kulinigharimu sana. Miaka kadhaa iliyopita nilishuka Kibaha. Safari ilikuwa ya Mbeya, msiba wa baba mdogo, na tulikuwa bado hatujaiaga Dar vizuri. Vidole vilikufa ganzi, midomo ikawa mizito, moyo ukanidunda hadi nikadhani mama aliyekaa pembeni anausikia. Nilikuwa na hakika nakufa. Nikamwomba konda anishushe. Nilisimama kando ya barabara na begi langu, na basi lilipopotea machoni mwili wote ukatulia, kama mtu aliyetuliwa gunia. Ule utulivu ndio ulionimaliza. Mwili ulijifunza kwamba kilichoniokoa ni kushuka, na kwa miaka miwili baada ya hapo sikuweza kupanda basi la mkoani.

Kumbe hofu ya ghafla hupanda kwa kasi, mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha huanza kushuka yenyewe, uwe umeshuka au umebaki kwenye siti. Ganzi ile inatokana na kuhema haraka haraka: hewa ya kaboni dioksidi inapungua mno kwenye damu, vidole vinachonyota, kichwa kinakuwa chepesi. Inatisha, lakini haiui. Mtu anayelijua hilo kabla ya safari anapanda na silaha ambayo mimi sikuwa nayo.

Kwa hiyo fanya mazoezi ya kupumua mapema, nyumbani, ukiwa umetulia. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, tumbo ndilo lipande na kushuka, si mabega. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha. Achana na ushauri wa kupumulia ndani ya mfuko, una hatari zake. Na usingoje kujifunzia Mikumi, maana huko hofu ikishapanda hutakumbuka hata namba.

Kisha zoea safari kwa vipande. Mimi nilianza na basi la mwendokasi la Dar, Kimara hadi Kivukoni, saa ambayo si ya msongamano, baadaye saa ya msongamano wenyewe. Halafu Chalinze na kurudi. Halafu Morogoro, nikala chakula cha mchana, nikarudi. Kanuni ni moja tu: usishuke hofu ikiwa kileleni. Subiri ipungue, hata kidogo, ndipo ushuke, ili mwili uondoke na somo lingine. Ukimpata mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili wa kukuongoza, hatua hizi zinakuwa nyepesi zaidi. Muhimbili wana idara yake, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili. Wapo watakaokuambia ni mambo ya wendawazimu. Waache waseme, wewe nenda.

Kama unatumia dawa, kaa na daktari mapema. Dawa kama sertraline na fluoxetine huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo zinaweza hata kuongeza mchecheto, kwa hiyo kuianza juzi ili usafiri kesho ni kujitesa. Usiiache ghafla pia kwa sababu unajisikia vizuri. Diazepam, ile dawa ya kutuliza, ya kupewa na jirani, ikatae. Inalevya, na ikizoeleka kuiacha ni kazi nyingine. Dozi yako iwe ya siku zote za safari na za ziada, na ikae kwenye mkoba ulioupakata. Begi likiingia kwenye buti hulioni tena hadi Mbeya.

Tiketi, kata mapema ili uchague siti. Wengine wanahitaji dirisha, wengine wanapumua vizuri wakiwa njiani pa kupita. Jijue wewe. Kosa ninaloliona kila mara ni watu kuacha kula na kunywa tangu jana yake wakiogopa kumwomba konda asimamishe gari. Njaa na kiu vinaleta kizunguzungu na kutetemeka, na akili inavisoma kama hofu imefika. Kula kitu cha kawaida asubuhi, beba maji, unywe kidogo kidogo. Basi litasimama watu wachimbe dawa, na ukizidiwa kabla ya hapo, kumwambia konda si aibu, anaombwa hivyo kila siku. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viache siku hiyo, vinaudunda moyo hata wa mtu mzima wa afya.

Mwambie mtu mmoja. Akiwa ni wa kusafiri nawe, mfundishe la kusema, kwa sababu neno "tulia" halijawahi kumtuliza mtu yeyote. Dada yangu nilimwambia: ukiniona nimeshika siti ya mbele kwa nguvu, niulize tumefika wapi, na usiache hadi nikujibu. Swali dogo kama hilo linanitoa kifuani na kunirudisha barabarani, nikatazama nje na kusema, tumefika Ruaha Mbuyuni, naona vitunguu. Ukisafiri peke yako, kumweleza jirani kwa sentensi moja kunatosha: mama, mimi huwa napata hofu safarini, ukiniona kimya usishtuke. Sala na dua ziende pamoja na haya yote, wala hazigombani na kidonge.

Usiku wa kuamkia safari, panga begi mapema ulale. Nyamazisha kundi la WhatsApp linalotuma video za ajali.

Kuna hali za kuahirisha. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, au kuzimia, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, usiyaite wasiwasi. Na kama mawazo ya kujidhuru yameanza kukujia, safari ingoje. Mwambie mtu wa karibu leo, akusindikize hospitali.

Mwisho, beba kalamu. Kabla basi halijaondoka, andika nyuma ya tiketi hofu unayoitarajia, kati ya 0 na 10, kisha iandike ilivyo kila mnapopita mji. Hofu ina kumbukumbu mbaya, itakusimulia kesho kwamba njia nzima ilikuwa 10. Tiketi yangu ya kwanza baada ya ile ya Kibaha bado ninayo kwenye pochi, wino umeanza kufifia: "Natarajia 10. Kibaha 9. Chalinze 7. Moro 4. Mikumi 6, tembo wawili. Kitonga 7. Ilula nililala."